Kufunga injini kubwa kwenye gari la familia: maana yake na yanayoandamana nayo

Kufunga injini kubwa ni kuitoa injini iliyokuja na gari kutoka kiwandani na kuweka mahali pake nyingine yenye ujazo mkubwa zaidi. Kazi hii si sawa na ovahoo, yaani kuifungua injini na kuikarabati, ambapo bloku (mwili mkuu wa injini) hubaki ileile na kubadilishwa ringi, beringi na gasketi. Wala si sawa na kununua injini ya aina ileile baada ya ya kwanza kufa. Katika kazi hizo mbili gari hubaki kama lilivyosanifiwa, ilhali katika hii gari hupewa nguvu na joto ambavyo sehemu zake nyingine hazikuandaliwa kuvibeba.

Ujazo hupimwa kwa cc, yaani sentimita za ujazo, na maana yake ni nafasi ambayo pistoni zote kwa pamoja huipitia zinaposhuka kutoka juu hadi chini. Injini yenye cc nyingi huvuta hewa nyingi zaidi katika kila mzunguko, hivyo huweza kuchoma mafuta mengi zaidi na kusukuma kwa nguvu bila kulazimika kuzunguka mbio. Anayeendesha Mombasa pekee, kati ya Nyali na Bamburi, huenda asihisi upungufu wowote, kwa kuwa njia ni tambarare na hewa ya pwani ni nzito. Gari hilohilo likijaa watu saba na mizigo ya likizo kwenda Nairobi, mambo hubadilika: injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Wengi huanza kuiwaza injini kubwa wakiwa nyuma ya lori kwenye mpando wa Mazeras, na baadhi yao, kusema kweli, wanachohitaji ni chujio jipya la hewa na nozeli zilizosafishwa.

Mfano unaoeleweka kwa wepesi ni Toyota Land Cruiser Prado ya mfululizo wa 90, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1996. Bodi yake iliuzwa na injini kadhaa, zikiwemo 3RZ-FE ya petroli yenye silinda nne na cc 2,693, na 5VZ-FE yenye silinda sita na cc 3,378. Kwa kuwa kiwanda chenyewe kiliziweka injini zote mbili ndani ya bodi hiyo, mwenye ile ndogo anaweza kutafuta maundingi (vishikizo vya injini), giaboksi, rejeta ya kupozea maji na wayaringi za toleo kubwa zikiwa tayari zimekwisha kupimwa na wahandisi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo uamuzi wa busara huanzia. Injini ya V8, yaani ya silinda nane, iliyotolewa kwenye gari la aina nyingine itaingia pia, maana fundi mwenye mashine ya kuchomelea hashindwi na jambo, lakini sampu yake (bakuli la oili chini ya injini) huenda ikagusana na difu ya mbele, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu, na ekzosti ikapita karibu mno na mabomba ya breki.

Jambo linalostahili kuogopwa zaidi pwani ni joto. Kwa makadirio ya kawaida, takriban thuluthi moja ya nishati ya mafuta huishia kwenye maji ya kupoza, na injini kubwa inayochoma mafuta mengi huyapa maji hayo mzigo mkubwa zaidi. Gari likienda kasi, upepo husaidia. Likisimama kwenye foleni ya feri Likoni saa nane mchana, kiyoyozi kikiwaka, linabaki kutegemea feni na rejeta peke yake. Ukiingia gereji ya Changamwe utamwona fundi mzoefu, injini ikiwa bado inaning'inia kwenye mnyororo, akipenyeza vidole kati ya feni na rejeta kupima nafasi iliyobaki. Asiporidhika, huiinua tena na kusogeza maundingi kabla ya kufunga bolti hata moja. Rejeta ya zamani ikirudishwa ili kuokoa pesa, gasketi ya silinda hedi, kizibo kati ya bloku na kifuniko chake cha juu, ndiyo huungua na kulipa.

Baada ya joto huja umeme. Injini ya kisasa haiwaki kwa betri na mafuta tu. Kompyuta yake husoma sensa nyingi, huzungumza na giaboksi ya otomatiki, na mara nyingi hudai kuitambua chipu iliyo ndani ya ufunguo. Ndiyo maana wauzaji wenye uzoefu hushauri mnunuzi achukue injini pamoja na kompyuta, wayaringi na giaboksi yake, hata kama bei inapanda.

Breki nazo hazina mjadala mrefu: gari linalofikia kilomita 100 kwa saa badala ya 80 hubeba nishati iliyozidi kwa zaidi ya nusu, na breki ndizo zitakazoimaliza.

Upande wa sheria, logibuku hutaja nambari ya injini na ukubwa wake, kwa hiyo mabadiliko lazima yaombwe kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama ya Kenya, gari likaguliwe na rekodi irekebishwe. Mnunuzi adai risiti na karatasi za forodha za injini iliyopitia bandarini, kisha apige picha nambari iliyogongwa kwenye bloku kabla injini haijashushwa ndani ya gari, kwani ikishafungwa mara nyingi haisomeki bila kioo na tochi. Nambari iliyosagwa au kupakwa rangi ni sababu tosha ya kuondoka dukani. Kampuni ya bima nayo iarifiwe kwa maandishi, kwa kuwa gari lililokatiwa bima likiwa na cc 2,693 na kupata ajali likiwa na cc 3,378 huipa kampuni nafasi ya kukataa kulipa.