Piketi ya mtu mmoja: namna Mrusi anavyopinga vita akiwa peke yake

Kila vita vya Ukraine vinapozungumzwa, haipiti muda kabla mtu hajauliza: mbona Warusi wenyewe hawaingii barabarani? Ni swali la haki. Tatizo ni kwamba anayeuliza huwa anatafuta umati, na umati ndio kitu cha kwanza ambacho sheria za Urusi zimekimaliza. Kilichobaki ni kidogo kuliko hapo: mtu mmoja kasimama kando ya barabara, kashika karatasi. Warusi wanaiita piketi ya mtu mmoja. Asiyeielewa piketi hii atadhani nchi nzima ilinyamaza.

Kwa maana yake ya kisheria, piketi ya mtu mmoja ni kutoa msimamo wako hadharani ukiwa peke yako, umesimama mahali pamoja, bila kutembea na bila kipaza sauti, ukiwa na bango au kitu kingine kinachobeba ujumbe. Inatokana na sheria ya mikutano ya hadhara ya Juni 2004. Sheria hiyo inamtaka anayeandaa maandamano apeleke taarifa kwa serikali ya mji kati ya siku 15 na siku 10 kabla. Msomaji wa Kenya au Tanzania hahitaji kuelezwa sana taarifa ya namna hii: kwenye maandishi ni kujulisha tu, lakini kwa vitendo ni kuomba ruhusa. Mtu mmoja alisamehewa sharti hilo. Hana haja ya kumjulisha yeyote. Anatoka nyumbani na bango lake, anasimama. Ulikuwa mlango mdogo uliobaki wazi, na kwa miaka mingi waliokuwa na la kusema waliupitia huo huo.

Basi ukaanza kufungwa taratibu. Mbinu ya kwanza haikuhitaji hata sheria mpya. Umesimama na bango lako, anatokea mtu usiyemjua anasimama karibu nawe, pengine naye kashika karatasi. Hapo hapo mmekuwa wawili, na wawili bila taarifa ni kosa. Polisi wanawachukua. Ndiyo maana wenye uzoefu walikuwa wakienda na rafiki wa kusimama kwa mbali na kupiga picha, ili mahakamani ionekane kwamba hakuna aliyekuwa pamoja naye. Sheria nayo ikafuata. Mwaka 2012 mahakama zilipewa uwezo wa kuamua kwamba piketi kadhaa zenye lengo moja ni mkutano mmoja, hata kama kila mtu alisimama mbali na mwenzake. Mwaka 2014 kikaingia kifungu 212.1 cha sheria ya jinai, cha kumfunga anayerudia makosa ya mikutano. Ildar Dadin ndiye wa kwanza kuhukumiwa kwa kifungu hicho, Desemba 2015, na baadhi ya makosa aliyohesabiwa yalikuwa ya kusimama peke yake. Alipewa miaka 3, ikapunguzwa hadi miwili na nusu, kisha Mahakama ya Juu ya Urusi ikaifuta hukumu hiyo mwaka 2017.

Watu nao walibuni njia. Juni 2019, mwandishi wa habari Ivan Golunov alipobambikiwa kesi ya dawa za kulevya, wenzake walipanga foleni mbele ya makao makuu ya polisi ya Moscow. Mmoja anashika bango, anamaliza, anampa anayefuata. Kila aliyelishika alikuwa peke yake. Kufikia mwisho wa 2020 bunge lilipitisha mabadiliko yanayoruhusu foleni hiyo pia ihesabiwe kuwa mkutano wa hadhara. Ikaja na korona, mikutano ikapigwa marufuku kwa sababu za afya, na Moscow wakamkamata hata aliyesimama peke yake kwa hoja hiyo ya maambukizi. Barakoa zilivuliwa, marufuku ikabaki.

Hapo ndipo Urusi ilipokuwa tarehe 24 Februari 2022, siku majeshi yake yalipoivamia Ukraine. Tusisahau kwamba jioni ile watu walitoka katika miji mingi, bila ruhusa ya yeyote. OVD-Info, shirika linaloandika majina ya wanaokamatwa kwa sababu za kisiasa tangu 2011, lilihesabu zaidi ya 1,700 waliokamatwa siku hiyo pekee. Tarehe 6 Machi walipita 4,000. Kwa hiyo anayesema hakukuwa na maandamano hasemi kweli. Yalikuwepo, yakavunjwa kwa rungu na karandinga katika muda usiotimia mwezi. Tarehe 4 Machi rais alikuwa ameshatia saini sheria mbili: moja ya kumfunga hadi miaka 15 anayeeneza “habari za uongo” kuhusu jeshi, nyingine ya kumtoza faini ya rubli 30,000 hadi 50,000 anayelichafulia jeshi jina. Ukirudia kulichafua ndani ya mwaka mmoja, kesi inakuwa ya jinai.

Neno “kulichafua” halikuwekewa mipaka, na hapo ndipo piketi ya mtu mmoja ilipopata sura ambayo haikuwahi kuwa nayo. Katika jiji la Nizhny Novgorod mwanamke alikamatwa akiwa na karatasi nyeupe isiyo na chochote. Wengine waliandika nyota tatu, nafasi, kisha nyota tano, kwa sababu maneno ya Kirusi ya “hapana vita” yana herufi tatu na tano. Walitozwa faini: mahakama ilizisoma zile nyota. Huko Tyumen, Siberia, mwanamke aliandika kwa chaki “hapana” kisha neno lililofichwa katikati kwa nyota. Mahakamani akasema alimaanisha vobla, samaki mdogo mkavu ambaye Warusi humla na bia, naye hampendi. Oktoba 2022 hakimu alimwachia. Polisi wakakata rufaa, kesi ikarudi, safari hii akatozwa faini.

Kwangu mimi, nyota hizo zinaeleza mengi kuliko takwimu. Polisi aliyeichukua karatasi nyeupe alijua iliandikwa nini. Mpita njia alijua. Hakimu alijua. Karatasi tupu inasomeka mahali ambapo kila mtu tayari ana sentensi ile ile kichwani na anaogopa kuitamka.

Mtu anayetajwa sana katika habari hii ni Elena Osipova, msanii wa St. Petersburg. Picha za polisi wakimwondoa barabarani, bibi mwenye mvi na mabango aliyochora kwa mkono, zilizunguka dunia mapema Machi 2022. Wengi waliandika kwamba ni manusura wa mzingiro wa Leningrad, jina la zamani la jiji hilo, lilipozingirwa na Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia. Sivyo: alizaliwa 1945, na mzingiro ulivunjwa Januari 1944. Wala hakuanza mwaka huo. Alianza kusimama na mabango mwaka 2002, baada ya watazamaji kutekwa katika ukumbi wa maigizo Moscow na zaidi ya 120 kufa, wengi wao kwa gesi iliyotumiwa na vikosi vya serikali wakati wa kuwaokoa. Miaka ishirini, basi, bango baada ya bango, kabla kamera za nje hazijamwona. Moja ya mabango yake ya 2022 lilimwambia askari atupe silaha, na hapo ndipo atakuwa shujaa wa kweli.

Sasa upande wa pili, maana kuuficha si uungwana. Machi 2022 kituo cha kura za maoni cha Levada kilipowauliza Warusi, karibu 8 kati ya 10 walisema wanaunga mkono vitendo vya jeshi lao. Sidhani jibu hilo ni la kupuuzwa. Waungaji mkono wapo, wengi, na wengine ndio waliowapigia polisi simu kumripoti jirani. Lakini pia ni jibu linalotolewa kwa mgeni aliyesimama mlangoni, katika nchi ambayo jibu lingine linaweza kukupeleka mahakamani. Kiasi gani ni imani na kiasi gani ni hofu, asilimia hiyo haiwezi kukuambia.

Kadiri kusimama kulivyozidi kuwa hatari, ujumbe ulihama kutoka kwenye bango. Aleksandra Skochilenko, msanii wa St. Petersburg, aliingia duka la vyakula tarehe 31 Machi 2022 akabadilisha vibandiko vya bei kwa vipande vya karatasi vinavyofanana navyo. Kimoja kilisema jeshi la Urusi limeshambulia kwa mabomu shule ya sanaa ya Mariupol, mji wa Ukraine, ambamo watu wapatao 400 walikuwa wamejificha. Mteja mzee alikiona akaripoti. Skochilenko alihukumiwa miaka 7 mwezi Novemba 2023, akaachiwa katika ule mpango wa Urusi na nchi za Magharibi kubadilishana wafungwa, tarehe 1 Agosti 2024. Wengine walileta maua. Kombora la Urusi lilipoua watu zaidi ya 40 katika jengo la makazi huko Dnipro, Ukraine, Januari 2023, wakazi wa Moscow walikwenda mmoja mmoja kuweka maua kwenye sanamu ya mshairi wa Ukraine, Lesya Ukrainka. Polisi waliweka gari hapo, na baadhi ya waliokuja walikamatwa.

Jambo hili lina ukoo mrefu. Agosti 1968, majeshi ya Umoja wa Kisovieti na washirika wake yalipoingia Chekoslovakia, watu wanane waliketi katika Uwanja Mwekundu wa Moscow adhuhuri ya tarehe 25. Mmoja wao, mshairi Natalya Gorbanevskaya, alikuwa na mtoto wake mchanga kwenye kigari. Moja ya mabango yao lilisema “Kwa uhuru wenu na wetu”. Ndani ya dakika chache walikuwa wameshakamatwa; Viktor Fainberg aling'olewa meno kwa kipigo, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Watano walifikishwa mahakamani, wakaishia gerezani au uhamishoni. Miaka 45 baadaye, Agosti 2013, watu walisimama pale pale na maneno yale yale. Nao walikamatwa.

Je, mtu aliyekwisha kukamatwa anaweza kufanya piketi? Aleksei Gorinov, diwani wa mtaa mmoja wa Moscow, alisema katika kikao cha Machi 2022 kwamba si sawa kuandaa shindano la michoro ya watoto wakati watoto wa Ukraine wanakufa. Julai alihukumiwa miaka 7. Akiwa kwenye kizimba cha vioo aliinua karatasi yenye maandishi ya kalamu: “Bado mnaihitaji vita hii?” Askari wa mahakama alinyoosha mkono kuifunika, lakini wapiga picha walishaipata. Gorinov hakuwa miongoni mwa walioachiwa Agosti 2024. Novemba mwaka huo alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa maneno aliyodaiwa kuwaambia wafungwa wenzake, akaongezewa miaka 3. Alikuja na bango jingine.