Fomu ya kwanza ya mbunge

Tulikuwa Mbagala, Dar es Salaam, kwenye mkutano wa mtaa, tukieleza tamko la mali na madeni ya viongozi. Mama mmoja muuza samaki akasimama: "Mwanangu, mbunge akiwa na nyumba tano akaandika mbili, nani atajua?" Nilimjibu kwa kifupi, maana jua lilikuwa linazama. Swali lake linastahili jibu refu zaidi.

Ibara ya 70 ya Katiba yetu ya Tanzania inamtaka kila mbunge atoe taarifa rasmi ya mali yake na ya mwenzi wake wa ndoa. Asipofanya hivyo, Ibara ya 71 inamwondoa kwenye kiti. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inaongeza watoto walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa, na inapanga nyakati: ndani ya siku 30 tangu kushika wadhifa, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka. Madeni nayo huandikwa, jambo ambalo wengi hawalijui.

Chukua mfano wa kubuni. Mbunge anaingia bungeni akiwa na nyumba Tabata, shamba la ekari 20 Mkuranga na Coaster mbili zinazokwenda Gongo la Mboto. Mwaka wa nne linachomoza ghorofa Mbezi Beach. Kujenga si dhambi. Kama alikopa benki, deni litaonekana kwenye tamko. Kama aliuza shamba, tamko la mwaka ule litaonyesha shamba limetoka. Visipokuwepo vyote viwili, ana kazi ya kueleza fedha zilikotoka, kwa sababu sheria ya rushwa ya mwaka 2007 nayo inamtaka mtumishi wa umma aeleze mali isiyolingana na kipato chake.

Kwa hiyo mimi huitazama zaidi fomu ya kwanza, ile ya kuingia, maana ndiyo matamko ya baadaye hulinganishwa nayo. Wapo wanaopunguza kwa kuogopa ndugu wasije kupiga hodi. Hao hujikwaa baadaye mali yao halali inapoonekana mpya. Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wanaoongeza: kuandika ng'ombe 300 wakati zizini wapo 40, ili fedha ya kesho ikija isemwe ni ya ng'ombe waliouzwa. Ng'ombe wa karatasini lazima wahesabiwe mapema, kabla "hawajauzwa".

Upo pia mgongano wa maslahi. Mbunge mwenye vituo vya mafuta anaposimama kuchangia hoja ya tozo ya mafuta, Kanuni za Bunge zinamtaka aseme kwanza anavyohusika. Hakatazwi kuzungumza. Anatuwezesha kumsikiliza tukijua amesimama wapi.

Zamani masharti yalikuwa makali zaidi. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, kwenye kikao cha CCM kule Zanzibar, masharti hayo yakalegezwa. Tukishamruhusu kiongozi kufanya biashara, ni haki yetu afanye mchana kweupe.

Sasa nirudi kwa mama. Hati ya kiwanja ipo kwenye ofisi za ardhi, kampuni ipo BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, gari lipo kwenye kumbukumbu za TRA, mamlaka ya mapato, na uhakiki huanzia huko. Lakini nyumba iliyoandikwa jina la shemeji haisemi kitu kwenye karatasi. Anayejua ni mpangaji anayempelekea kodi mtu mwingine, na fundi anayejua nani alikuwa akimlipa. Taarifa zao zikimfikia Kamishna wa Maadili zinaweza kuchunguzwa, na shauri likafika Baraza la Maadili linaloongozwa na Jaji. Mwaka 2015 Baraza hilo lilikaa hapa kwenye ukumbi wa Karimjee, na wabunge ni miongoni mwa viongozi waliojibu hadharani kuhusu fedha zilizotoka kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, iliyofunguliwa Benki Kuu kwa sababu ya mgogoro wa malipo ya umeme.

"Ametajirika ghafla" haimsaidii mchunguzi. Mwambie mali ni ipi, iko wapi, ilianza kuonekana lini, nani huja kuisimamia.

Mama alinifuata baada ya mkutano. "Na kama namba ya kiwanja siijui?" Nikamwambia ataje kituo cha daladala cha kushukia, mtaa, na rangi ya geti.