Uandishi wa ombi la ruzuku: daktari kijana anafundishwa nini hasa?

Mafunzo ya uandishi wa maombi ya ruzuku, yaani fedha za kugharamia utafiti, ni malezi ya kumfikisha mtafiti anayeanza mahali ambapo andiko lake la mradi linaweza kushindana. Anayelengwa mara nyingi ni daktari au mwanasayansi wa afya aliyemaliza uzamili au uzamivu karibuni. Ana swali zuri na wagonjwa anaowajua, lakini hajawahi kupewa fedha zake mwenyewe za utafiti. Wapo wanaodhani haya ni mafunzo ya Kiingereza fasaha au ya kujaza fomu. Kiingereza kizuri kinasaidia, na fomu iliyokosewa inaweza kukutoa kabla hujasomwa. Lakini maandiko mengi huanguka kwa sababu mwombaji hajafikiri utafiti wake hadi mwisho, na mtu asiyemjua anaona hivyo ndani ya dakika chache.

Ili kuelewa kinachofundishwa, tuanze na msomaji. Kwenye Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, NIH, zinazofadhili utafiti wa afya, ombi kwa kawaida hupewa wahakiki watatu, wanasayansi wanaopima ubora wake, walisome kwa kina. Kila mmoja hutoa alama kuanzia 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora kabisa. Maombi yenye alama dhaifu, mara nyingi karibu nusu ya yote, hayajadiliwi. Yanayobaki hujadiliwa kikaoni kwa dakika chache, kisha jopo lote hupiga alama, wakiwemo wajumbe ambao hawakupangiwa ombi hilo na pengine wamepitia muhtasari na ukurasa wa malengo tu, ule unaosema utafiti unataka kujibu nini. Kwa hiyo ukurasa huo mmoja hubeba mzigo mkubwa kuliko kurasa 12 za mpango wa utafiti zinazoufuata katika ruzuku kubwa ya R01. Mafunzo mazuri huanzia hapo, na mtu anaweza kukaa na ukurasa huo wiki nyingi kabla hajaruhusiwa kuendelea.

Tuseme daktari wa kliniki ya VVU jijini Mwanza ameona wagonjwa wake wengi wana presha ya kupanda. Rasimu yake ya kwanza inasema lengo ni "kuchunguza tatizo la shinikizo la juu la damu kwa watu wanaoishi na VVU". Mlezi wake, yaani mtafiti mzoefu anayemwongoza, atamwuliza: kuchunguza nini, ukubwa wa tatizo, chanzo chake, au tiba? Utajuaje kwamba umemaliza? Ukipata jibu, nani atabadilisha nini kesho yake? Baada ya kuandika na kufuta sana, lengo linakuja hivi: "Kupima iwapo kutoa dawa za presha ndani ya kliniki ya VVU kunaongeza idadi ya wagonjwa walio chini ya 140/90 baada ya miezi 12, ikilinganishwa na kuwapa rufaa kwenda kliniki nyingine." Sasa mtakwimu anaweza kukokotoa ukubwa wa sampuli. Mhasibu anaweza kukadiria dawa, vipimo na mishahara. Kamati ya maadili inajua mgonjwa atafanyiwa nini. Mhakiki naye anaweza kukubali au kukataa, jambo ambalo sentensi ya kwanza haikumpa nafasi ya kufanya.

Kuna kosa ambalo walezi hulitafuta kwa makusudi: lengo la pili kutegemea la kwanza litoe jibu fulani. Mtu anaahidi kutafuta kiashiria kwenye damu kinachotabiri kiharusi, kisha lengo la pili ni kukitumia kiashiria hicho hospitalini. Kisipopatikana je? Miaka mitatu ya bajeti inabaki bila kazi. Malengo yanapaswa kuhusiana, lakini kila moja lisimame kwa miguu yake na lilete jibu lenye manufaa hata kama mengine yatakwama. Waombaji wapya hulikosea hili mara nyingi kwa sababu utafiti wao wanauona kama safari wanayotamani kuifanya, wakati jopo linauona kama hatari ya kupoteza fedha.

Stadi hizi haziingii kwa warsha ya siku mbili hotelini. Warsha inaweza kukuonyesha sehemu za andiko. Kinachomjenga mtu ni rasimu yake mwenyewe kusomwa tena na tena na watu wanaojua, akiwa na tarehe halisi ya mwisho mbele yake. Mbinu yenye nguvu ni jopo la mazoezi: wenzake wanapewa maombi, wanayatolea alama kama wahakiki halisi na kuyajadili mbele ya mwenye ombi, ambaye hana ruhusa ya kujitetea. Anasikia sentensi aliyoiona wazi ikieleweka vingine na watu watatu. Anayekaa upande wa wahakiki naye hujifunza, pengine zaidi, maana anagundua jinsi msomaji aliyechoka anavyosoma.

Marekani ilisukumwa kuwekeza katika malezi haya na ushahidi mchungu. Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na mchumi Donna Ginther. Ulionyesha kwamba waombaji Weusi walikuwa nyuma ya Wazungu kwa takriban pointi 10 za asilimia katika uwezekano wa kupata ruzuku ya NIH, hata baada ya kuzingatia elimu, machapisho na mambo mengine. Mwaka 2014 NIH ilianza kufadhili mtandao wa kitaifa wa ulezi wa watafiti, National Research Mentoring Network, uliokuwa na makundi ya kuongozana katika uandishi wa maombi. Ninaona ni hatua njema, ila haiondoi wajibu wa jopo lenyewe kujisahihisha. Mwombaji hawezi kuandika vizuri kiasi cha kuufuta upendeleo wa anayemsoma.

Kwetu Afrika Mashariki pengo lina sura nyingine. Mpango wa MEPI wa kukuza elimu ya tiba Afrika, ulioanza mwaka 2010 kwa fedha za Marekani ulipitia vyuo kama Makerere, Nairobi na Chuo Kikuu Kishiriki cha Tiba cha KCMC, Moshi, na kukuza utafiti wa wahadhiri vijana ulikuwa sehemu ya kazi yake. Lakini muda wa kuandika bado ni wa kuiba. Daktari anapita wodini asubuhi, anafundisha mchana, anaandika usiku. Ndiyo maana ruzuku za kukuza watafiti, kama ile ya Fogarty, kituo cha NIH cha afya ya kimataifa, inayoitwa Emerging Global Leader Award, hudai mtafiti apewe sehemu kubwa ya muda wake kwa utafiti, na chuo kiahidi hivyo kwa barua. Barua hiyo huandikwa kirahisi. Kuiheshimu zamu zinapopangwa ni kazi nyingine, na mafunzo yasiyowahusisha wakuu wa idara yanamwacha kijana peke yake na ahadi ya karatasi.

Vyanzo vya fedha navyo vinayumba. Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba itasitisha kutoa ruzuku mpya zenye mikataba midogo ya taasisi za nje, yaani sehemu ya fedha inayopitishwa kwa taasisi iliyo nje ya Marekani, hadi iwe na mfumo mpya. Aliyejifunza fomu ya mfadhili mmoja tu alibaki mikono mitupu. Aliyejifunza kujenga hoja anaweza kuipeleka kwa Wellcome, mfuko wa Uingereza wa utafiti wa afya, mpango wa Ulaya na Afrika wa EDCTP, au mfuko wa taifa lake.

Mafunzo kamili hayakomi siku ombi linapotumwa, kwa kuwa wengi hukataliwa mara ya kwanza. NIH humrudishia mwombaji maandishi ya wahakiki na humruhusu kulileta upya mara moja ndani ya miezi 37, akiwa na ukurasa mmoja wa kuwajibu. Hapo mlezi huketi naye kutenganisha hoja zinazodai kubadili utafiti wenyewe na zile zilizotokana na maelezo yasiyoeleweka. Kisha wanaanza tena na ukurasa wa malengo.