"Ngoja Nifuate Nione" na Dhana Nyingine Zinazowamaliza Wanaoanza Poka

Kila ninapomfundisha mtu mpya poka, hasa ile ya Texas Hold'em (kila mchezaji hushika karata mbili za siri, na tano hufunuliwa mezani kwa wote, tatu kwanza kisha moja moja), kuna sentensi moja ambayo lazima niisikie: "Ngoja nifuate tu, nione." Mwenzake ametia dau, karata zake mwenyewe ni za kubahatisha, hataki kuzitupa na hataki kuongeza. Basi anafuata, yaani analipa kiasi kile kile alichotia mwenzake. Nikimuuliza sababu, ananijibu kwamba kufuata ni salama. Jibu hilo limenichosha, na nataka kulijibu kwa kirefu.

Kufuata si salama. Kwa anayeanza, hakuna tabia inayokula chipu zaidi ya hiyo.

Kitita, yaani chipu zote zilizotiwa mezani, huchukuliwa kwa njia mbili tu. Ama una mkono bora karata zinapofunuliwa, ama wenzako wote wametupa karata zao. Anayetia dau au kuongeza anazo njia zote mbili. Anayefuata amejinyima ya pili kwa hiari yake, akabaki kuomba karata zimkubali. Na karata hazikubali mara nyingi kama watu wanavyodhani. Ukishika karata mbili zisizo jozi, karata tatu za kwanza za mezani zitakupa angalau jozi kama mara moja katika kila mara tatu. Mara mbili zilizobaki hujapata kitu. Mwenzako naye yuko hivyo hivyo, ndiyo maana anayewahi kutia dau hujikusanyia vitita vingi ambavyo hakuna aliyekuwa na mkono wa maana wa kuvitetea.

Chukua mfano ambao huwa nawapa. Mezani kuna chipu 100, imebaki karata moja kufunuliwa, nawe una shupaza nne unaitafuta ya tano, kwa kuwa karata tano za aina moja ni mkono mkubwa. Karata sita umeziona, mbili zako na nne za mezani, 46 hujaziona, na kati ya hizo 9 ni shupaza. Uwezekano wako haufiki asilimia 20. Mwenzako anatia 50. Ukifuata, unalipa 50 kwenye kitita kitakachofika 200, kwa hiyo unahitaji asilimia 25 ili angalau usipate hasara. Huna. Labda uwe na hakika kwamba shupaza ikitokea atakulipa zaidi, na anayeanza huwa hana hakika hiyo. Kila unapofuata hapo unagawa chipu zako, hata siku ile shupaza inapotokea ukashangilia.

Sasa geuza. Wewe ndiye uliyetia 50 kwenye kile kitita cha 100. Akitupa karata zaidi ya mara moja katika kila mara tatu, dau lako limekwisha kujilipa, hata kama usingekuwa na karata yoyote ya kukuokoa. Akifuata, zile shupaza 9 bado zipo kwenye kasha. Karata ni zile zile, kiasi ni kile kile. Kilichobadilika ni nani aliyelazimika kujibu.

Sisemi usifuate kamwe. Kama mwenzako angetia 20, ungelipa 20 kwenye kitita cha 140, yaani ungehitaji kama asilimia 14 tu, na hapo ningekushangaa ukitupa. Lakini hapo umefuata kwa sababu umepiga hesabu. "Nione" si hesabu.

Kibaya zaidi ni kufuata kabla karata za mezani hazijatoka, mtu anapoingia kwa kulipa tu dau kubwa la lazima (wachezaji wawili hulazimika kutoa dau kila mkono unapoanza, mmoja dogo na mwingine kubwa), eti kaingia kwa bei nafuu. Nafuu yako ni nafuu ya meza nzima, na aliyetoa dau hilo la lazima anaziona karata tatu bila kuongeza hata chipu moja. Jozi ya ree, mkono mkubwa kuliko wote wa kuanzia, dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote hushinda karibu mara 85 katika 100. Ukiiingiza kimyakimya ikakutana na watu watano, inashuka chini kidogo ya 50. Mwaka 2019 programu ya Pluribus, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Facebook, iliwashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita. Ilijifunza kwa kucheza dhidi ya nafsi yake, bila kufundishwa mitindo ya binadamu, na bado ilifikia uamuzi ule ule wa wachezaji wazoefu: kuingia kwa kufuata tu hakufai, isipokuwa kwa yule wa dau dogo la lazima ambaye tayari ana nusu ya gharama mezani. Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni fupi. Ukiwa wa kwanza kuingia, ongeza au tupa.

Dhana ya pili ni ndugu wa hiyo: kwamba mchezaji mkali ni yule anayecheza mikono mingi. Hapa watu huchanganya vipimo viwili. Kimoja ni mikono mingapi unaingia nayo, na hapo kuna mchaguzi na kuna mpapiaji. Kingine ni unavyocheza ukishaingia, kwa upole wa kufuata au kwa ukali wa kuongeza. Anayeanza awe mchaguzi mkali. Mpapiaji mpole ndiye kila mtu anayetamani kukaa naye meza moja. Mchaguzi mpole naye hujiona mwenye hekima, kumbe amesubiri muda wote apate jozi ya wafalme, kisha anaifuatisha tu. Mpapiaji mkali anaweza kutisha akiwa mzoefu, lakini mtindo wake unamweka kila mara kwenye maamuzi magumu akiwa na karata dhaifu. Na usiniambie mtindo ni tabia ya kuzaliwa. Unabadilika hata kwa kiti: ukitangulia kucheza, chagua zaidi, ukiwa kwenye nafasi ya mgawaji, unaweza kuingia na mikono mingi zaidi kwa sababu umeshaona wengine walichofanya.

"Poka ni kuzuga," yaani kutia dau kama una mkono mkubwa kumbe huna. Hapana. Wanaosema hivi humtaja Chris Moneymaker, aliyeshinda fainali kuu ya mashindano ya World Series of Poker mwaka 2003 kati ya washiriki 839 na kupata dola milioni 2.5. Ni kweli alimzuga mpinzani wake Sam Farha hadi Farha akatupa jozi ya tisa. Ila kabla karata ya mwisho haijatoka, Moneymaker alikuwa na njia za kukamilisha shupaza tano na pia mfululizo (karata tano zinazofuatana), alikuwa ameshaongeza dau, na mbele yake alikuwapo mtu mmoja tu, anayejua kutupa karata. Kumzuga mtu asiyetupa ni kumpa zawadi.

"Karata za aina moja ni za kucheza." Kopa mbili mkononi hukupa kopa tano kwenye karata tatu za kwanza mara moja katika 118 hivi. Mfalme na mbili haziwi mkono mzuri kwa kuwa zote ni kopa.

"Nimekosa sana, sasa zamu yangu." Jozi ya ree huja mara moja katika mikono 221, iwe umetoka kuipata au hujaiona tangu asubuhi.

Halafu kuna imani ya kusoma nyuso. Mwaka 2017 programu ya Libratus iliwashinda wataalamu wanne wa poka ya watu wawili katika mikono 120,000 bila kuona sura ya mtu. Ilikuwa na madau tu ya kusoma: kiasi gani, lini, baada ya karata ipi. Ukitaka pa kuanzia, mwangalie mchezaji mpole aliyekuwa akifuata tangu mwanzo, kisha karata ya tano ikatoka naye akaongeza dau ghafla. Huyo karibu kila mara anao mkono. Tupa jozi yako, hata kama ni ya ree.