Je, wajua kwa nini maji ya mafuriko huelekezwa mashambani ili mji upone?

Kila masika yanapokolea, Mto Msimbazi ukafurika na Barabara ya Morogoro kufungwa pale Jangwani, Dar es Salaam, kuna swali linalosikika vijiweni na kwenye mabasi yaliyokwama Magomeni: kwa nini maji haya yasichepushwe huko juu, yakamwagwe mashambani, mjini yasifike kabisa? Swali hilo lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Zipo nchi ambazo zimekuwa zikifanya jambo hilo kwa karibu miaka mia, kwa sheria na kwa ramani. Mto ukifikia kina fulani, lango linafunguliwa au tuta la udongo linalozuia maji kandokando ya mto linavunjwa makusudi, na maji yaliyokuwa yakielekea mjini yanaingia kwenye mashamba ya watu.

Mafuriko yana kilele. Mvua ikinyesha juu, mto hupanda kwa saa kadhaa au siku kadhaa, hufika mwisho wa kupanda kwake, kisha huanza kushuka. Maji ya kabla ya kilele na ya baada yake mara nyingi hupita mtoni bila kumdhuru mtu. Yanayoingia sebuleni ni yale ya juu tu, yaliyozidi uwezo wa mto na uwazi wa madaraja. Anayetaka kuuokoa mji hahitaji kuuhamisha mto mzima. Anahitaji kuichukua ile ziada, kwa muda ule tu inapokuwepo.

Chukua mfano wa kufikirika. Mto unaweza kupitisha mita za ujazo 300 kwa sekunde chini ya daraja la mjini bila kufurika. Siku ya mvua kubwa, kwa saa 3, unaleta 400. Ziada ni mita za ujazo 100 kila sekunde, na kwa saa hizo 3 inafika mita za ujazo 1,080,000. Ukiyatandaza maji hayo mashambani kwa kina cha mita 1, yanakaa kwenye hekta 108, yaani ekari 267 hivi. Mashamba ya kijiji kimoja yanaweza kuyameza yote. Mjini, ziada hiyohiyo ingepita kwenye vyumba vya wapangaji, maduka, visima na vyoo vya shimo, na ikishachanganyika na vyoo, kinachofuata ni kipindupindu. Mto ukishashuka, maji yaliyosimama shambani huachiwa yarudi mtoni taratibu.

Ugumu wote uko kwenye muda. Eneo la kupokea maji lina ujazo wake kama lilivyo pipa. Likifunguliwa mapema, linajaa maji ambayo mto ungeyapitisha wenyewe, na kilele kikifika hakuna tena pa kuyaweka. Likichelewa, mji umeshazama. Ndiyo maana kwenye mipango iliyokamilika, vipimo vya kina huwekwa mtoni mbali juu ya mji, na kiwango cha kufungua lango huandikwa kabla mvua haijanyesha. Kwingine hawangoji hata mtu wa kufungua: kipande cha tuta hujengwa kifupi kuliko tuta lingine lote, maji yakifika hapo yanamwagika yenyewe upande uliokusudiwa.

Mfano maarufu uko kwenye Mto Mississippi. Baada ya mafuriko makubwa ya 1927, Marekani ilipitisha sheria ya kudhibiti mafuriko mwaka 1928, na chini yake likatengwa eneo la Birds Point–New Madrid katika jimbo la Missouri, ekari 130,000 hivi, nyingi zikiwa mashamba. Serikali iliwalipa wenye ardhi ili ipate haki ya kuyafurisha mashamba yao siku ikilazimu. Haki hiyo ilitumika 1937, kisha ikakaa zaidi ya miaka 70. Usiku wa tarehe 2 Mei 2011, wahandisi wa jeshi walijaza baruti ya majimaji kwenye mabomba yaliyozikwa ndani ya tuta, wakalipua. Kina cha mto kwenye mji wa Cairo, jimbo la Illinois, kilianza kushuka ndani ya saa chache.

Mashamba yakazama. Kikazama pia Pinhook, kijiji kidogo kilichoanzishwa na wakulima weusi. Malipo ya haki ya kufurisha yalishafanyika vizazi vilivyopita, na walikuwa wameyapokea watu wengine. Wakazi wa Pinhook wakatawanyika, ikawachukua miaka kupata pa kuanzia upya pamoja.

Huko huko, mwaka 1927, lilitokea jambo baya zaidi. Wenye mabenki na wafanyabiashara wakubwa wa New Orleans walishinikiza tuta la Caernarvon, chini kidogo ya mji, lilipuliwe ili maji yashuke. Wakazi wa St. Bernard na Plaquemines, wengi wao wavuvi na wawindaji wa wanyama wa manyoya, walihamishwa kwa ahadi ya fidia. Wengi walipata kidogo sana, wengine hawakupata kitu. Na matuta ya sehemu za juu za mto yalikuwa yakipasuka yenyewe wakati huohuo, kiasi kwamba mji ungeweza kupona bila ule mlipuko.

China nayo ina maeneo 98 ya kitaifa yaliyotengwa kupokea maji ya mafuriko, na ndani yake wanaishi watu, wanalima, wana shule na viwanda. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2023, mabaki ya Kimbunga Doksuri yalipoleta mvua kubwa kuzunguka Beijing, maeneo kadhaa ya jimbo la Hebei yalifunguliwa. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa katika jimbo hilo. Kiongozi wa chama wa Hebei aliposema jimbo lake litakuwa handaki la kuulinda mji mkuu, hasira ilisambaa nchi nzima mitandaoni. Wachina walau wana kanuni ya fidia tangu mwaka 2000, inayosema mkulima aliyefurishwa alipwe sehemu ya thamani ya mazao, mifugo na nyumba yake. Ni sehemu tu, haifiki thamani yote.

Bangkok mwaka 2011 ilionyesha kinachotokea watu wasipoulizwa. Ukuta mrefu wa mifuko ya mchanga uliwekwa kulinda katikati ya mji, na walioachwa upande wa maji wakakaa ndani ya maji machafu kwa wiki nyingi. Wakaenda wenyewe kuibomoa mifuko hiyo na kudai malango yafunguliwe, ili na wengine waupate mgawo wao.

Wanaotetea mbinu hii wana hoja ya hesabu: hekta moja ya Kariakoo ina mali na watu wengi mno kuliko hekta moja ya mpunga, kwa hiyo ni afadhali uzame mpunga. Kwa jumla ya taifa hesabu hiyo ni sahihi, na siipingi. Ila ukiigeuza kwa kaya moja moja, picha inabadilika. Mfanyabiashara wa mjini maji yakimwingilia dukani anapoteza bidhaa, na pengine ana bima, ana duka jingine, ana ndugu wa kumkopesha. Mkulima wa mpunga anapoteza mbegu, mbolea aliyokopa na chakula cha mwaka mzima kwa usiku mmoja. Mji unaokolewa kwa mamilioni ya shilingi halafu aliyeuokoa anapewa unga na blanketi! Kama maji ya mto ni mali ya wote, basi na gharama ya kuyapokea ni ya wote, na mji uliopona ndio wenye fedha za kuilipa.

Uholanzi walijaribu njia ya heshima zaidi. Mafuriko ya 1993 na 1995, yaliyofanya watu 250,000 hivi wahamishwe mwaka 1995, yaliwaonyesha kwamba kuendelea kunyanyua matuta hakutoshi. Wakaanzisha mpango wa kuupa mto nafasi, kwenye maeneo zaidi ya 30. Katika bonde la Overdiep, wakulima wenyewe walileta pendekezo: tuta la mto lishushwe, maji yaruhusiwe kuingia mara chache sana, na nyumba na mazizi yao yajengwe upya juu ya vilima vya udongo pembezoni mwa bonde. Waliobaki ni mashamba 8. Wengine walilipwa wakahamia kwingine. Leo ng'ombe wanalisha pale pale, na siku maji yakija, kaya na mifugo wapo juu.

Kwa Mtanzania, hilo la kuishi na maji si geni. Warufiji wamefanya hivyo kwa vizazi. Mto Rufiji ukifurika ulikuwa unaacha udongo mpya wenye rutuba, na maji yakishapungua watu wanalima mlau, wakipanda mahindi na mboga kwenye unyevu uliobaki bila kungoja mvua. Shambani walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wanalinda mazao wasiliwe na nguruwe huku maji yakipita chini. Mafuriko waliyoyazoea yalikuwa yanakuja kwa majira na kwa mwendo unaotabirika, mtu anajua lini apande na lini avune. Yakija nje ya hapo ni maangamizi, kama ilivyokuwa Aprili 2024, wilaya za Rufiji na Kibiti zilipozama wakati wa mvua za El Niño na Bwawa la Julius Nyerere likalazimika kufungulia maji. Maji yale hayakumwagwa ili kuilinda Dar es Salaam. Hata hivyo, aliyepoteza shamba Rufiji alikuwa na maswali yaleyale ya watu wa Hebei: nani aliamua, niliambiwa lini, na nani atanilipa?

Sasa turudi Msimbazi. Je, tunaweza kuyachepusha maji yake?

Mto huu ni mfupi, kilomita 35 hivi. Unaanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unashuka Gongo la Mboto na Vingunguti, unapita kati ya Tabata na Kigogo, unatokea Jangwani, kisha unaingia baharini kwenye Daraja la Salenda penye mikoko. Mississippi unampa mhandisi siku nyingi za kujiandaa. Msimbazi unampa saa chache. Kuna siku jua linawaka Kariakoo, watu wanapanga bidhaa zao, na maji mekundu yenye magogo na chupa za plastiki yanateremka Jangwani kwa sababu tu imenyesha Kisarawe. Zaidi ya hapo, kilele kikikutana na bahari iliyojaa wakati wa bamvua, ambapo maji ya bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, mto unakosa pa kutokea na unarudi nyuma kwenye bonde. Na mchanga unaosombwa kutoka vilimani umeinua sakafu ya mto pale Jangwani, nafasi chini ya daraja ikawa inapungua mwaka hadi mwaka.

Shida kubwa zaidi ni kwamba mashamba ya kuyapokea maji yameshakuwa mji. Kinyerezi, Segerea, Tabata, Kigogo: zamani kulikuwa na mikorosho na mabonde ya mpunga, leo kuna nyumba ukuta kwa ukuta, na mabati na lami zinaongeza maji badala ya kuyanywa. Eneo la wazi lililosalia ni bonde lenyewe, pamoja na matuta ya mchicha na matembele yanayolimwa kando ya mto. Jangwani ndipo Msimbazi ulipokuwa ukitandaza ziada yake tangu zamani. Tulipoweka nyumba, barabara na karakana ya mabasi ya mwendokasi bondeni, tulijenga ndani ya lile eneo ambalo wenzetu hulitenga kwa sheria.

Gharama yake ilionekana Desemba 2011, mvua ya siku chache ilipoua zaidi ya watu 40 jijini, na kaya nyingi za mabondeni zikapelekwa Mabwepande. Mradi wa bonde la Msimbazi, ulioidhinishiwa mkopo wa dola milioni 200 na Benki ya Dunia mwaka 2022, unakusudia kuurudishia mto nafasi: kuchimba na kupanua njia ya maji, kuhamisha karakana ya mabasi, kujenga daraja jipya Jangwani lenye urefu wa mita 390, na kuacha sehemu ya bonde iwe bustani inayoruhusiwa kuzama mvua kubwa ikija. Kwa maana hiyo, wakazi waliobomolewa nyumba zao bondeni wamechukua nafasi ile ile ya mkulima wa Missouri. Wameondoka ili Upanga, Magomeni na Kariakoo zipone. Wanastahili fidia ya kumwezesha mtu kununua kiwanja mahali pasipozama, karibu na kazi yake, badala ya kumsukuma kwenye bonde jingine.

Kilichobaki cha kufanyiwa mashambani kiko juu kabisa: misitu ya Pugu na Kazimzumbwi iachwe isimame, makorongo yasijazwe kifusi, na vijengwe vibwawa vidogo vya kushika maji kwa saa chache kabla hayajashuka. Kila kibwawa kinapunguza kilele kidogo na kukichelewesha kidogo, na kwa mto unaopanda ndani ya saa chache, hata nusu saa ni muda wa kumtoa mzee ndani ya nyumba. Vitakapowekwa kwenye shamba la mtu wa Kisarawe, mkataba wake uandike waziwazi maji yatafika kina gani, yatakaa siku ngapi, atapigiwa simu na nani kabla ya kufunguliwa, na atalipwa kiasi gani kila mara yanapoingia, yeye na atakayerithi shamba hilo.