Adapta ya gemu za zamani: plagi kuingia si kigezo

Konsoli nyingi zinazofika kwa fundi zikiwa haziwaki hazikufa kwa uzee, zimeuawa na adapta. NES na Famicom za Nintendo, na Mega Drive ya kwanza ya Sega, zote zinapokea plagi ya duara ya milimita 5.5 kwa 2.1, na plagi hiyohiyo iko kwenye adapta nyingi za ruta zinazouzwa Kariakoo. Kwa hiyo kila kitu kinaingia kila mahali, na hapo ndipo balaa linapoanzia.

Adapta ya asili ya NES inatoa volti 9 za AC (umeme unaogeuka upande kila mara), ampea 1.3. Umeme huo unanyooshwa kuwa DC (umeme wa upande mmoja) na daiodi nne zilizo ndani ya mashine yenyewe. Famicom na Mega Drive zinataka DC tayari. Ukizichomekea adapta ya NES, nusu ya kila mzunguko umeme unaingia kinyume, kapasita zinachemka au kupasuka, na regyuleta (kipande kinachoshusha volti) inaweza kufa nazo. NES yenyewe haina makuu: ipe DC ya volti 9, chanya ikae katikati au nje, daiodi zitapanga.

Famicom na Mega Drive ya kwanza zina hasi katikati, chanya nje. Adapta za ruta karibu zote ni kinyume chake. Sega waligeuza mambo kwenye Mega Drive 2, ikawa chanya katikati na plagi ndogo zaidi, kwa hiyo jina la mashine peke yake halitoshi. Soma kibandiko chini yake: kile kiduara chenye nukta katikati kinaonyesha upande wa chanya na wa hasi.

Usiamini maandishi ya adapta kabla ya kupima. Weka mita ya fundi (multimita) kwenye DC 20, waya mwekundu ndani ya tundu la plagi, mweusi nje. Ikisoma bila alama ya kutoa, katikati ni chanya. Ikisoma na alama hiyo, ni hasi. Ikisoma karibu na sifuri, hamia AC. Ikija 9 au zaidi kidogo, hiyo ni adapta ya AC. Kugeuza chanya na hasi ni kukata waya, kubadilishana nyuzi mbili, kulehemu, kufunga kila uzi kwa tepu yake, kisha kupima tena. Andika juu ya adapta imekuwa ya nini, maana mwenzako nyumbani ataichomeka kwenye ruta.

Volti 12 "kwa sababu 9 hazipo" sipendi kabisa. Ndani kuna regyuleta 7805 inayoshusha hadi volti 5, na kinachozidi kinatoka kama joto. Mashine ikivuta ampea 0.8, volti 9 zinazalisha wati 3.2 za joto. Volti 12 zinafikisha 5.6. Kwa joto la Dar la mwezi wa pili, gemu litaganda katikati ya mchezo. Adapta nzito za zamani za volti 9 zenye transfoma husoma hata 13 bila mzigo, yaani mashine haijachomekwa, hiyo ni kawaida yake. Ampea zikizidi hazina neno, mashine huvuta inachohitaji. Zikipungua, picha hutetemeka au mashine hujiwasha upya.

Adapta ya Japani ni ya volti 100. Kubadilisha plagi iingie kwenye soketi yetu ya pini tatu hakubadilishi volti 230 za TANESCO. Transfoma yake itaungua. Usihangaike nayo, nunua adapta ya 230. PlayStation 2 nene ya Japani ina pawa saplai ndani, hiyo itafutie transfoma ya kushushia umeme, wati 150 hivi.

Atari 2600 hutumia plagi kama ya earphone, milimita 3.5. Ichomeke kwenye mashine kwanza, ukutani baadaye, kwa sababu ncha yake inaweza kupiga shoti wakati inaingia. Game Boy ya kwanza inataka volti 6, Game Boy Pocket 3 tu. Hizo mbili, nunua betri.