Kadi haijafa, imebadilika jina: dhana potofu kuhusu logi na mtandao kwenye Linux

Kiangazi cha Dodoma huja na vumbi linalopenya hadi ndani ya seva zilizofungiwa kabatini, kwa hiyo kufungua mashine, kuipuliza na kuifunga tena ni kazi ya kila mara kwetu mafundi. Baada ya usafi wa namna hiyo niliitwa kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti huko Kizota. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameipuliza seva, akaiongezea diski mpya ya NVMe (aina ya diski ya kasi), akaiwasha, na mtandao ukakataa. Alikwisha kuamua kwamba kadi ya mtandao imeungua, na mwenye kiwanda alikuwa anatafuta fedha za kununua nyingine.

Kadi ilikuwa nzima. Nilipoandika journalctl -k -b | grep renamed, amri inayochuja maandishi ya keneli (kiini cha Linux) tangu mashine iwake, keneli ilijibu kwa mstari mmoja: "r8169 0000:04:00.0 enp4s0: renamed from eth0". Maana yake ni kwamba kadi ilionekana, ikapewa jina la muda la eth0, kisha ikaitwa enp4s0. Faili ya mipangilio ya mtandao iliyomo /etc/netplan ilikuwa bado inaitafuta enp3s0. Diski mpya ilikuwa imeingia kwenye hesabu ya njia za PCI, yaani njia zinazounganisha vifaa na ubao mkuu, mbele ya kadi, namba ya njia ya kadi ikasogea kutoka 3 hadi 4, na jina likasogea pamoja nayo.

Hapo ndipo ilipo dhana inayowagharimu watu wengi, kwamba jina la kadi halibadiliki maadamu kadi ni ileile. Majina haya yaliletwa na systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, toleo la 197 mwaka 2013, na ahadi yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa: vifaa vikibaki kama vilivyo, jina nalo litabaki vilevile kila mashine inapowaka. Herufi "en" husimama kwa Ethernet, "wl" kwa mtandao usiotumia waya, "p" hutangulia namba ya njia ya PCI na "s" namba ya nafasi kwenye njia hiyo. Anayelinganisha jina na matokeo ya lspci, amri inayoorodhesha vifaa vya PCI, akumbuke kwamba lspci huandika namba za msingi wa 16, ilhali jina huandikwa kwa namba zetu za kawaida, na ndiyo sababu kadi iliyoorodheshwa kama 00:1f.6 huitwa enp0s31f6 (1f ni 31, na .6 huandikwa f6). Anayetaka jina lisiloyumba alifunge kwenye anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi yenyewe, ama kwa faili ya .link ndani ya /etc/systemd/network, ama kwa vipengele vya match na set-name katika netplan. Kule kiwandani nilitumia njia ya pili, nikaiita kadi lan0, na tangu siku hiyo diski zinaweza kuongezwa bila kuigusa.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni kuweka net.ifnames=0 kwenye maelekezo ya kuwashia keneli ili eth0 irudi. Kwa mashine yenye kadi moja sina ugomvi nao. Penye kadi mbili, hata hivyo, keneli hugawa eth0 na eth1 kwa kufuata kadi iliyotangulia kuonekana, na mpangilio huo unaweza kugeuka siku yoyote mashine inapowashwa. Ikiwa kadi moja inaelekea intaneti na nyingine inaelekea ofisini, kanuni za ukuta wa moto (firewall) zitakuwa zinalinda mlango usio wake.

Upande wa logi, yaani maandishi ya matukio ambayo mashine hujiwekea, dhana iliyozoeleka ni kwamba umeme ukikatika ghafla, maandishi ya kabla ya hapo yamekwenda nao. Jibu linategemea saraka (folda) moja. Kwa mpangilio wa Storage=auto, uliokuwa wa kawaida kwa miaka mingi, journald, sehemu ya systemd inayotunza logi, huandika kwenye diski pale tu /var/log/journal inapokuwepo. Isipokuwepo, logi hukaa /run/log/journal, ambayo ni sehemu ya kumbukumbu ya muda (RAM), na hapo kweli hufutika mashine inapozimika. Saraka ikiwepo, journalctl -b -1 itakuonyesha kipindi kilichopita, isipokuwa dakika zake za mwisho, kwa kuwa journald kwa kawaida huhakikisha maandishi yamefika diskini kila baada ya dakika 5, na ni ujumbe wa hatari kubwa tu unaofikishwa papo hapo. Mimi hutazama zaidi namna kipindi hicho kinavyoishia. Mashine iliyozimwa kwa utaratibu huacha mistari ya huduma zikisimama moja baada ya nyingine, lakini iliyokatiwa umeme huishia katikati ya shughuli zake.

Mashine ikiwaka tena baada ya hapo, huandika kwamba faili ya system.journal ni "corrupted or uncleanly shut down", na mtu akiliona hilo neno la kwanza hukimbilia kununua diski. Ujumbe huo husema tu kwamba faili haikufungwa vizuri; journald huibadilisha jina, huiwekea alama ya ~ mwishoni, na kuanza nyingine, na ile ya zamani kwa kawaida bado husomeka. Diski inayokufa huonekana kwenye mistari ya keneli yenye "I/O error", na huko ndiko pa kuangalia kabla ya kutoa fedha.

Kukosekana kwa faili ya logi ya /var/log/syslog nako si dalili ya uharibifu wala ya kuvamiwa: tangu Debian 12 ya mwaka 2023, rsyslog, programu inayoiandika faili hiyo, haiwekwi tena yenyewe, na kila kitu kimo kwenye journalctl.

Limebaki suala la saa, ambalo kwetu lina mitego miwili. Mlinzi akisema mtandao ulikatika saa nane usiku, anamaanisha 02:00, wala si 08:00. Na kama seva imeachwa kwenye UTC, yaani saa ya kimataifa, tukio hilo limeandikwa 23:00 ya tarehe iliyotangulia, kwa sababu sisi tuko saa 3 mbele. Andika timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam, na kama rsyslog ipo, iwashe upya ili nayo iifuate saa mpya. Mistari ya journald, hata ile ya zamani, itaonyeshwa kwa saa ya hapa mara moja, lakini mistari ambayo rsyslog ilikwisha kuandika kwenye mafaili yake itabaki na saa ya UTC, na itakubidi uiongezee saa 3 wewe mwenyewe unapoisoma.